Shilingi Juu ya Sindano

Kisumu, 6 Machi 1999

Mpendwa Apiyo,

Kabla ya salamu, ondoeni hiyo shilingi. Kosa wanalofanya watu wengi santuri inaporuka ni kuweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili kiwe kizito. Kweli, hakitaruka tena. Kitalima. Sauti imechorwa kwenye kuta za mfereji mwembamba kuliko unywele, na kila mnapoizungusha na ile shilingi mnaikwangua sauti ya mama yako kuwa vumbi. Mwambie Dishon nimesema hivyo. Kwako ni kaka mkubwa. Kwangu bado ni mtoto.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila goti.

Unasema tangu kiharusi cha Desemba mama yako Aoko hajatamka neno, na kwamba daktari amewaambia msitarajie mengi. Dada yangu, aliyeongoza nyimbo za harusi kutoka Awasi hadi Sondu! Unataka asikie sauti yake mwenyewe, na wajukuu waisikie pia. Ni jambo jema, na linawezekana. Lakini nakala yangu ya santuri hiyo aliyorekodi ujanani ilivunjika nilipohama nyumba ya shule. Yenu ikiisha, wimbo umeisha.

Nimenunua kompyuta iliyotumika kwa Yashwant, yule fundi wa redio. Inaweza kuisikiliza santuri mara moja na kuiandika sauti kwa namba. Namba haichakai kwa kusomwa.

Ioshe santuri kwa maji baridi na tone la sabuni. Tumia kitambaa laini, ufuate mzunguko wa mistari, usiikatize. Ikauke kivulini, ikiwa imesimama. Kisha niletee.

Mjomba wako,
Absalom

*

Awasi, 15 Machi 1999

Mjomba mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Pole na goti. Sisi tunaendelea, na Mama anakula vizuri.

Shilingi imeondoka. Nilipomsomea Dishon barua yako alisema, "Huyu mzee amestaafu, lakini chaki bado iko mkononi." Hata hivyo aliitoa.

Mjomba, usikasirike. Niliiosha santuri vile ulivyosema, nikaiweka kando nikaenda kumgeuza Mama kitandani. Seline, mke wa Dishon, akaiona imelowa. Akaipandisha juu ya bati, pale tunapoanika omena, dagaa wa ziwani. Niliporudi jua lilikuwa limefanya kazi yake. Ukingo umeinuka kama sahani ya supu.

Nilipiga kelele. Seline akaniuliza, "Sasa Apiyo, kitu kikilowa si kinaanikwa?" Dishon naye: "Basi tule nayo hiyo omena." Sikucheka.

Mama aliiona. Anaelewa kila kitu, Mjomba, watu wanakosea wakizungumza juu yake kama hayupo. Aliunyoosha mkono wake mzima, akapitisha kidole pale palipopinda, kisha akageukia ukutani.

Sikubali iishe hivi. Seline anasema tuipige pasi. Niambie tu nisifanye nini.

Binti yako,
Apiyo

*

Kisumu, 18 Machi 1999

Apiyo mwanangu,

Natumaini barua hii imefika kabla ya pasi. Usiipige pasi! Msalimie mama yako, na mwambie Seline simlaumu. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa huanika kinacholowa.

Kilichopinda kwa joto hunyooka kwa joto, lakini la taratibu. Tafuta vioo viwili bapa. Vya fremu za picha vinatosha. Laza santuri katikati, na uhakikishe hakuna hata chembe ya mchanga. Weka kwenye jua la asubuhi, lile lisiloumiza kiganja, mpaka kioo kiwe vuguvugu. Ingiza ndani, weka vitabu vizito juu, uache mpaka ipoe kabisa. Usichungulie. Isiponyooka, rudia kesho yake, na kesho yake tena. Ukiharakisha utakuwa umeongeza jua la bati.

Mjomba wako,
Absalom

*

Kisumu, 2 Mei 1999

Mpendwa Apiyo,

Natumaini u mzima, na kwamba mvua imewafikia shambani. Hapa imenyesha mpaka jikoni.

Nadhani ulipoileta santuri uliona nilivyoigeuzageuza. Ni kwamba sikutarajia inyooke hivyo. Una mkono wenye subira kuliko wangu.

Kazi imekwisha. Wengi huchomeka gramafoni kwenye tundu la kipaza sauti cha kompyuta, kisha wanalalamika kwamba mwimbaji ana mafua. Mimi niliipitisha kwanza kwenye amplifaya. Sindano nikainunua mpya. Mwanzoni ilipanda na kushuka kama mtumbwi, maana ukingo haujanyooka wote, lakini haikuruka. Aoko akaanza kuimba sebuleni kwangu, msichana mwenye sauti ya kuamuru watu.

Kulikuwa na makwaruzo mengi, kazi ya ile shilingi. Yashwant alinipa programu ya kusafisha. Unaionyesha kelele moja, nayo inatafuta zote zinazofanana nayo na kuzifuta. Nimeisafisha sana. Dishon anakuletea CD, na atawaazima redio yake inayocheza CD. Mwekee asubuhi, akiwa hajachoka.

Mjomba wako,
Absalom

*

Awasi, 9 Mei 1999

Mjomba mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, na leo nasema wazima kwelikweli.

Kwanza nikwambie, kompyuta yako imekula vigelegele. Unaukumbuka wimbo: Mama anaita mstari, wanawake wanaitikia kwa vigelegele, kisha anaita tena. Kwenye CD Mama anaita, halafu kimya. Kama wanawake wote wameenda sokoni. Dishon akasema, "Mzee amewafukuza wageni harusini."

Lakini Mama aliitazama redio. Mstari wa kwanza ukapita, kimya kikaja. Wa pili, kimya. Akakunja uso, ule uso wake wa kugombeza wanaochelewa kuitikia. Mstari wa tatu ulipokwisha akafungua mdomo, akavitoa mwenyewe. Vigelegele, Mjomba! Vimepinda upande mmoja, lakini ni vyake. Seline akadondosha sufuria. Na sauti ya redio ilipoanza mstari wa nne, Mama aliuimba pamoja nayo. Maneno, Mjomba. Maneno yenyewe.

Baadaye akitaka maji bado anaonyesha kwa kidole. Hawezi kusema "maji". Lakini anaimba. Dishon alitoka nje, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Hatuna ng'ombe.

Je, utatutengenezea nyingine yenye vigelegele? Na sasa tufanye nini?

Binti yako,
Apiyo

*

Kisumu, 13 Mei 1999

Apiyo mwanangu,

Salamu kwenu wote, na kwa Aoko kabla ya wote.

Ile ya kwanza, yenye vigelegele na makwaruzo yake yote, ninayo, sikuifuta. Hiyo ni ya wajukuu. Kwa sasa sitawaletea. Kile kimya kikijazwa, dada yangu hatakuwa na pa kuingilia.

Nimemuuliza daktari wa hapa. Anasema kuimba na kuzungumza havipiti mlango mmoja kichwani. Mmoja ukifungwa, mwingine huweza kubaki wazi. Hakuniahidi kitu, nami sikuahidi. Lakini neno "maji" linaweza kuimbwa, na "chai", na "Apiyo". Itakuwa kazi ya polepole, na mkono wa kuifanya unao.

Siku utakayoipata barua hii, kabla ya chai ya saa kumi, zima redio, mwanzishie mstari wa kwanza, kisha unyamaze.

Mjomba wako,
Absalom