Rangi ya Bosi Isikwanguliwe

Jumatano, Ruwais

Siku tatu! Siku tatu nahangaika na taa mbili za mbele za hili gari la kale la bosi. Nimezifungia waya mpya, na bado zinawaka kama kibatari. Ya kulia ikipata nguvu, ya kushoto inafifia.

Nimebadilisha swichi, nimebadilisha balbu, mpaka nikaanza kuamini kazi imenishinda.

Leo adhuhuri ndiyo nimegundua. Waya hazina kosa, kosa ni rangi! Bosi kalipakisha gari rangi upya, hadi ndani ya vikombe vya taa, na waya wa kurudisha umeme umefungwa juu ya rangi badala ya chuma. Umeme utarudi vipi?

Nikampigia huko Riyadh.

"Bosi, nikwangue kidogo tu, nyuma ya taa. Hapaonekani."

"Rangi yangu? Mafi kukwangua! Halas!" Yaani hakuna kukwangua, na mjadala umekwisha.

Basi nivute waya mwingine hadi kwenye betri? Hataki, eti utaharibu sura.

Kesho anakuja kulichukua, alipeleke kwenye maonyesho. Na ndiye kafili wangu, mdhamini wangu huku, na ikama, kibali changu cha kuishi, inaisha mwezi huu. Taa zisipowaka, nitamwambia nini?

Nikakwangua. Upana wa kucha, kila upande. Taa zikawaka hadi nikafumba macho.

Nikamtumia video. Akapiga mara moja, anacheka.

"Umeona? Na wewe ulitaka kuikwangua!"

Msasa ulikuwa bado mkononi. Nikamwomba radhi.