Nilipomwombea Diane kwa Sauti

Jumamosi, mwisho wa Novemba. Masaka, hapa Kigali, mvua tangu adhuhuri.

Leo nitaandika yote, hata ile sehemu nisiyoipenda. Ninyi mnaonisoma kutoka Ngara, tulikoishi kabla ya kurudi Kigali, mnanijua kama msichana mpole. Someni kwanza mpaka mwisho.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kikundi chetu cha maombi cha vijana kilibaki kanisani kama kawaida. Kabla ya kuomba, kila mmoja hutoa hoja yake: mtihani, bibi mgonjwa, kaka asiye na kazi. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Tumwombee Diane. Baba yake amehama nyumbani."

Diane ni rafiki yangu, na ndiye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Siku hiyo hakuwepo. Habari hiyo alinieleza mimi peke yangu, akilia.

"Yewe! Baba yake yule wa kuvaa tai?" Claudette akadakia. "Amehamia kwa nani?"

"Tufumbe macho," akakatiza kiongozi wetu, Kaka Fidèle. "Mungu hahitaji anwani."

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Huruma yangu ilikuwa ya kweli. Lakini wote waliponigeukia, nilijiona mtu muhimu.

Hiyo ndiyo sehemu nisiyoipenda.

Jumatano, kwenye mazoezi ya kwaya, mama mmoja alimkumbatia Diane mbele yetu sote. "Wihangane, mwana wanjye," akampa pole kwa moyo safi kabisa, "baba atarudi tu." Diane akamtazama yeye, halafu akanitazama mimi. Akaweka kitabu cha nyimbo kwenye kiti, akatoka.

Nyumbani nilimsimulia Mama, nikijitetea. "Sikusema uongo, Mama. Na nilikuwa naomba."

Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata uso. "Ulikuwa unamwambia Mungu, au ulikuwa unawaambia watu huku Mungu akisikia?"



Tangu utoto nimefundishwa kwamba kusengenya ni dhambi. Nilidhani maana yake ni kumzulia mtu uongo. Sikujua kwamba hata jambo la kweli, likisemwa na mtu lisilomhusu, linaweza kumwacha mwenzako bila pa kujificha. Hata likisemwa kwa sauti ya upole. Hata likiishia na amina.

Leo asubuhi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, ulipokwisha na pikipiki zikarudi barabarani, nilipanda moja hadi Rebero, kwa kina Diane. Mama yake ndiyo kwanza alikuwa anaosha matope kwenye jembe. "Karibu, mwanangu," akasema, akamwita Diane. Diane akaja mpaka getini. Hakulifungua.

"Umekuja kuniombea tena?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yote yakapotea. "Nisamehe," nikasema. "Siri ilikuwa yako, si yangu."

Akaegemea geti. "Kanisa zima linanipa pole. Mpaka muuza maandazi! Nafikiri hata mbwa wa mchungaji anajua."

Tulikaribia kucheka, sote wawili. Kisha uso wake ukabadilika tena.

"Kesho usitaje jina langu. Hata kwa wema."

Akaingia ndani. Hakusema amenisamehe. Hakusema pia kwamba nisirudi.

Nilikuwa nimekusudia kesho nisimame mbele ya kikundi, niungame na kuwasihi waache habari hiyo. Lakini nikisimama, nitakuwa nimeirudisha midomoni mwao, na wote watanigeukia tena. Sitasimama. Hoja yangu kesho itakuwa ulimi wangu mwenyewe. Pembeni nitamwomba Kaka Fidèle tuanze kuwaombea watu bila kuwataja majina. Kama Mungu hahitaji anwani, basi hata majina anayajua.

Kitabu cha nyimbo cha Diane, nilichokichukua kitini Jumatano, ninacho hapa mezani. Kesho nitakiweka kwenye kiti chake kabla watu hawajafika. Labda atakuja.

Ila Claudette namjua. Atanivuta pembeni na kuninong'oneza, "Haya, habari za Diane?" Nikisema sijui, nimedanganya. Nikisema siwezi kusema, atajua kuna mengi zaidi. Mnaonisoma, nijibuni kabla ya ibada, tafadhali: nimjibu nini ambacho si uongo, na wala si siri ya rafiki yangu?