Ubavu wa Kushoto wa Petrel

CHAMA CHA WENYE MAGARI YA MERLOW PETREL, TAWI LA COVENTRY
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 12 Oktoba 2019
Mahali: Gereji ya Bw. Pegg
Waliohudhuria: Bw. Clive Hadfield (Mwenyekiti), Bi. Hazel Orton (Katibu), Bw. Trevor Pegg (Fundi wa chama), Bi. Pauline Snell (Mjumbe)
Wageni: Mzee Desmond Thackray, mbunifu wa magari, na binti yake Ruth
Hakuhudhuria: Bw. Nigel Frith, kwa udhuru (Petrel yake ilimzimikia njiani)

KUMB. NA. 1/10/2019: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri kwa kumkaribisha Mzee Thackray, ambaye haoni tena. Mzee aliketishwa karibu na hita, akapewa chai. Mwenyekiti alieleza kwamba chini ya turubai kuna zawadi yake ya kutimiza miaka themanini na saba: Petrel ya majaribio, ya kwanza kabisa kuundwa, iliyopatikana ghalani kwa mkulima na kutengenezwa kwa siri na Bw. Pegg.

KUMB. NA. 2/10/2019: WASIFU WA MGENI
Mwenyekiti alisoma kwamba Mzee aliingia kiwanda cha Merlow akiwa na miaka kumi na mitano, kazi yake kukanda udongo wa kufinyangia sanamu za magari. Alijifunza kuchora katika shule ya jioni, akapewa meza yake, na mwaka 1961 akabuni Petrel. Kiwanda kilipofungwa alibuni magari ya maziwa na ya taka hadi akastaafu. Mwenyekiti alimwita "baba wa Petrel." Makofi yalipigwa.

Mzee alicheka. "Baba? Mimi baba mdogo tu, bwana. Hizo mnazoendesha ni za mwenzangu Colin Wragg, Mungu amrehemu."

Alieleza desturi ya karakana yao: wabunifu wawili walipewa sanamu moja, huyu afinyange ubavu wa kulia, yule wa kushoto, wakubwa wazunguke wachague. Safari hiyo wakubwa walishindwa kukata shauri, wakaagiza gari moja liundwe hivyo hivyo, kila ubavu na sura yake, walitazame barabarani. Mwishowe wakachagua kulia, kwa Colin.

"Maisha yangu yote nimechora nilichoambiwa," alisema. "Ubavu ule wa kushoto peke yake niliuchora kwa kupenda. Ruth aliponitobolea siri kwamba mmelipata lile gari, usingizi ulinipaa. Nimekuja kuushika."

Katibu anaandika wazi kwamba hapo moyo ulimlipuka. Bw. Pegg aliweka kikombe chini. Mwenyekiti alipendekeza twende ajenda nyingine.

KUMB. NA. 3/10/2019: YATOKANAYO NA KIKAO CHA APRILI
Bi. Snell alisimama bila kupewa nafasi. Alikumbusha kwamba mwezi Aprili alisema ubavu wa kushoto haufanani na wa gari lililogongwa, na kwamba Mzee aulizwe kwanza. Mwenyekiti alimjibu wakati ule: "Pauline, mpenzi, kilichopinda kimegongwa. Usituharibie sherehe."

"Haya, sherehe ndiyo hii, Clive," alisema Bi. Snell. "Mwambie!"

Mwenyekiti alisema kamati iliamua kwa pamoja. Bi. Snell aliuliza, pamoja na nani? Katibu anathibitisha kwamba Bi. Snell alipinga.

"Niambiwe nini?" aliuliza Mzee. Tulikuwa watu wazima wanne, na wote tulitazama sakafu.

KUMB. NA. 4/10/2019: KUFUNUA GARI
Mzee aliomba turubai itolewe, akaongozwa na bintiye. Alipitisha kiganja ubavu wa kulia toka taa hadi nyuma, akatabasamu. "Colin huyu. Mvivu wa kona, tangu zamani."

Akazunguka. Kiganja kilianzia taa ya kushoto, kikafika mlangoni, kikasita, kikarudi kwenye taa kuanza upya.

"Ruth, umenirudisha kule kule? Huyu si Colin?"

"Hapana, baba. Hapa ni kushoto."

Bw. Pegg alisema huku akilia kwamba ni yeye aliyekosea. Alidhani ni ajali iliyozibwa ovyo, akakata mabati yote ya upande huo, akafua mapya kwa kufuata upande wa kulia. Ya zamani yalikwenda kuyeyushwa. "Picha tunazo, mzee wangu. Nitaufua tena, naapa."

"Utafua ulichokiona wewe, mwanangu. Mimi nilikuja kushika nilichokifanya."

Kisha vidole vyake vilipita polepole chini ya dirisha, vikitafuta mahali bati la zamani lilipokatwa. Havikupata kitu.

"Kazi safi," alimwambia Bw. Pegg. "Hukuacha hata alama."

KUMB. NA. 5/10/2019: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliomba Kumb. Na. 3 na 4 zifutwe. Katibu alikataa. Kikao kilifungwa saa kumi na nusu. Mzee alikuwa bado amesimama pale kushoto, na hakuna aliyethubutu kumwambia twende.

C. Hadfield, Mwenyekiti ....................
H. Orton, Katibu ....................