Dawa ya Chini ya Ulimi

Beechmont, Louisville

Kwako Mama,

Pokea salamu za mtoto wako wa kwanza, Riziki, na za watu wote wa nyumba hii. Goti lako linaendeleaje? Nsimire ameniambia umeanza tena kupanda kilima cha Kadutu kwa miguu kwenda sokoni, eti pikipiki zinakutikisa. Mama, kubali kutikiswa. Sisi huku ni wazima. Watoto wanakua, wananijibu kwa Kiingereza hata nikiwagombeza kwa Kiswahili, na mboga ya lengalenga niliyopanda nyuma ya nyumba imestawi mpaka jirani kaniuliza ni maua gani.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nikituma sauti kwenye simu ya Nsimire, wapangaji wote wanaisikia kabla yako. Jambo hili ni la Byamungu, mdogo wetu, na sitaki lizunguke mtaani, kwa hiyo nimempa Mchungaji wetu anayesafiri kuja huko akuletee mkononi. Nsimire, mdogo wangu, funga mlango kwanza ndipo umsomee Mama.

Mama, nakuomba neno moja kwa ajili ya kitinda mimba wako. Bila neno hilo naogopa ataacha dawa yake, na akiiacha tunaweza kumpoteza. Acha nieleze tangu mwanzo, na wewe usinikatize kama ulivyozoea.

Nilipokwenda kumchukua Buffalo nilimkuta kwenye chumba cha juu cha nyumba ya mbao kule West Side, theluji imefunika ngazi na hakuna aliyeizoa kwa koleo. Mgongo aliuumiza ghalani kwa kubeba maboksi. Hospitali wakampa vidonge vya maumivu, na vilipokwisha mwili ukavidai, akaenda kutafuta vya barabarani. Haukuwa uhuni, Mama. Alianza kama mgonjwa yeyote. Kina mama wa kanisa la kule walikuwa wanamletea sombe ya majani ya muhogo na kumwombea, lakini hata wao walikuwa wamechoka. Alinifungulia mlango akasema, "Yaya, dada yangu, usiniangalie sana." Nikamwangalia sana. Koti lake lilimning'inia mabegani, nikalia pale pale mlangoni wala sikuona haya.

Hapa Louisville daktari akampa dawa ya kuweka chini ya ulimi kila asubuhi. Mwanzoni niliidharau, maana ni kipande kidogo kama ukucha. Lakini ile hamu ya vidonge ikaanza kutulia. Akapata usingizi, akala. Sasa anaimba sauti ya nne kwenye kwaya, na mgongo ukimruhusu anafanya kazi nusu siku kwenye duka la mikate. Juzi alinigombeza kwamba bugali wangu ni laini mno, nikafurahi kugombezwa.

Kisha ikaja mizizi yako, imejificha ndani ya visamaki vikavu vya sambaza. Nilicheka mwenyewe. Nadhani watu wa forodha walishindwa na harufu wakaacha kupekua. Pamoja nayo ikaja sauti yako kwenye simu ya Byamungu: "Mwanangu, wacha ile dawa ya bazungu. Unatoka ku sumu moja, unaingia ku ingine. Kunywa hii, imetoka ku muzee wa Shabunda." Akaisikiliza, akairudia, akairudia tena. Kesho yake akaniambia ataacha ile ya hospitali.

Nikaichemsha Jumamosi asubuhi kama ulivyoagiza. Na kama ulivyonilea, anayempa mgonjwa dawa huonja kwanza, hata kama ni ya mtoto wake. Nikaonja kijiko kimoja. Mama, moyo ulianza kudunda kama mchi wa sombe kwenye kinu, nikajikuta nimeketi sakafuni karibu na jiko. Byamungu alikuwa amesimama na kikombe mkononi anangoja zamu yake. Akakimwaga kwenye sinki, akaja kunishika. Baada ya muda moyo ulirudi mahali pake. Sisemi ulitutumia kitu kibaya. Mimi ni mzima na sina ugonjwa wa moyo, lakini yeye tayari ana dawa nyingine mwilini, na angekunywa kikombe kizima. Aliyemwokoa siku ile ni wewe, kwa desturi yako ya kuonja.

Nikampigia simu Chebet. Ni binti wa Kikenya aliyewahi kupanga chumba kwetu, siku hizi yuko Columbus, anasomea dawa zinazotoka kwenye mimea. Akatuita. Jumamosi iliyofuata tukaondoka, mfuko wa sambaza nyuma ya gari, vioo tumevifungua na baridi yote ile. Chebet alitupokea kwa ugali na mboga ya managu, akatushibisha kwanza, kisha akaushika mzizi wako, akaunusa, akaugeuza.

"Auntie, siwezi kukuambia hii ni nini kwa kuangalia root peke yake," akasema. "Nahitaji majani na maua. But please, asiikunywe, hasa na ile dawa ingine."

Nikamuuliza kama anawacheka wazee wetu. Akashtuka kweli. Alisema kazi yao kule chuoni ndiyo hiyo hiyo: kuchukua mmea, kutenganisha vitu vilivyomo, na kutafuta kile kinachoweza kumtuliza mtu aliyekamatwa na madawa. "Mingi haifiki mahali," akasema, "lakini kuna ile inatupatia hope." Akatuambia juu ya mti wa misitu ya Gabon, ambao watu wa kule hula mizizi yake katika ibada zao. Watafiti wanaona huenda ukapunguza hamu ya madawa, lakini umeshasimamisha mioyo ya watu, kwa hiyo anayejaribiwa huwa kitandani hospitalini, mashine ikimsikiliza moyo. Huo si wa kupika jikoni.

Halafu akamgeukia Byamungu. "Na hiyo yako ya chini ya ulimi, unafikiri imetoka wapi? Imetengenezwa kutoka kwa mmea wa afyuni. Hata vile vidonge vilikushika, vingi hutoka kwa huo huo mmea."

Byamungu akaangalia sahani yake. "Donc, kumbe," akasema, "daktari naye njo mutu wa majani." Akacheka mpaka akashika mgongo. Mama, sikuwa nimesikia kicheko kile tangu tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, nami nilidhani ni maneno ya ugomvi.

Chebet anakuomba ruhusa pia. Anataka kuuchunguza mzizi huu, lakini amesema hatakata hata kipande mpaka wewe na mzee wa Shabunda mkubali, na mmwambie jina lake na namna unavyotumika. Ukipata majani na maua yake, yakaushe vizuri. Sambaza acha zije peke yake.

Sasa nije kwenye ombi langu. Tukiwa njiani kurudi Byamungu aliniambia, "Yaya, bon, sawa, nimesikia ya Chebet. Lakini mama bado hayakubali hii dawa. Naikunywaka sawa mwizi." Nikamjibu kwa ukali kwamba daktari ameshasema akiiacha ghafla hamu itarudi, na kidonge kimoja tu cha barabarani siku hizi kinaweza kuua mtu. Akasema anajua. Kujua anajua, ila hana amani. Nami namwelewa, kwa sababu hakuna dawa tuliyokunywa kwako bila wewe kuituma. Ulikuwa unashika kikombe, unakisemesha: "Nenda, unirudishie mtoto wangu." Hii ya hospitali haijatumwa na mtu.

Nisalimie baba mdogo fundi viatu, na shangazi muuza makala ya kupikia ambaye hajanisamehe kwa kutokuja harusini kwa binti yake. Msalimie shemeji, mume wa Nsimire, na mama mkubwa anayesali alfajiri kwa ajili yetu. Mzee wa Shabunda mpelekee shukrani zangu.

Mama, piga simu kwetu ikiwa asubuhi, kwenu itakuwa mchana. Nitaipokea mimi na kuiweka karibu naye mezani. Hutasikia sauti yake, maana dawa ile haimezwi. Huachwa iyeyuke taratibu chini ya ulimi, na mtu hafungui kinywa mpaka iishe. Usikate simu ukidhani amekukasirikia. Atakuwa ameketi pale kimya, dawa mdomoni, anakusikiliza. Itume, Mama.

Mimi mtoto wako,
Riziki