Ylva Amenianika Barazani

Dagny, uko? Ylva ameniuza. YLVA!

Unajua kigugumizi changu. Na katibu mpya wa baraza la mji, yaani mimi, ndiye anayefungua kikao kwa kutamka lile jina refu la kikao kwa Kiswidi: kommunfullmäktigesammanträde. Silabi kumi, pumzi moja!

Wiki tatu nzima jikoni kwa Ylva, kahawa na mikate ya mdalasini, ananifundisha kulikatakata. Kila silabi nigonge paja kwa kidole, nyuma ya meza, mtu asione. "Hii itabaki kati yetu, mwaya." Alisema hivyo!

Leo nikasimama. Nikagonga. Kom. Mun. Linatoka, Dagny, linatoka!

Mara nasikia kalamu juu ya meza. Ta. Ta. Ta. Ni Ylva! Anamnong'oneza Torbjörn, diwani aliyekaa kando yake, "Mwangalie mkono." Torbjörn naye akaanza kugonga. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima unagonga na kucheka, mimi nimekwama silabi ya saba.

Ya saba! Zilibaki tatu tu!

Ylva akanifuata kwenye korido: "Usinune bwana, tulikuwa tunakusaidia."

Kunisaidia!

Nimejifungia chooni. Usinipigie, Dagny. Andika tu.