Kiti cha Baiskeli ya Thadei

Bashay, Jumatatu

Shemeji Renatus,

Shikamoo. Huku mvua imenyesha vizuri, maharage yamechanua, na ng'ombe wako mweupe amezaa jike.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikugawia wewe baiskeli ya gia ya marehemu mume wangu, na sasa umetuma ujumbe niipakie kwenye basi. Makoti yake niliyatoa mwenyewe bila neno. Baiskeli siipakii.

Jana baada ya misa niliipanda. Nilipita msituni kule mlimani, nikateremkia bwawani, nikazunguka hadi nyumbani, njia ileile ambayo Thadei alikuwa akiizunguka kila Jumapili. Kwenye mwinuko nilishuka mara tatu nikasukuma. Pale bwawani nilikaa nikalia, halafu nikanawa uso nikaendelea. Mama mkwe alinikuta uani nina matope hadi magotini, akasema mjane hapandi baiskeli.

"Mama," nikamwambia, "nimeshaipanda."

Ukitaka kuifuata mwenyewe, karibu, chai ipo. Ila ujue kiti nimekishusha kulingana na miguu yangu, nikakikaza. Na usije Jumapili, sitakuwepo.

Mke wa ndugu yako,
Fabiola