Taa yenye ilikonyeza mulima

Baraka, Alhamisi

Ni uvivu wangu tu. Kama ningeongeza waya kidogo…

Jicho ya taa, kale kadude kanahisi giza, nilikafunga chini ya ampuli yenyewe. Giza ikiingia, kanawasha taa. Kakiona mwangaza, kanafikiri kumekucha, kanazima. Kisha kanawasha tena. Siku tatu taa ya mulango yetu ilikuwa inakonyeza mulima, na mi nilikuwa nacheka.

Leo asubuhi shefu wa kartiye, mukubwa wa mutaa wetu, aliingia kwetu. "We kijana, taa yako inasemaka na nani kule juu?"

Nilimueleza yote. Akajibu: "Batu ya bunduki bako kule mulimani nabo banasemaka na taa." Mama akaacha mwiko ndani ya bugali.

Shefu amesema kesho nipeleke taa ku biro yake, niwashe mbele ya basoda, baaskari ya serikali. Jicho nimeishaihamisha nyuma ya ukuta, na taa imetulia. Lakini ikitulia mbele yabo, batasema nimeficha kitu. Nikiirudisha vile ilikuwa, itakonyeza mbele ya macho yabo.

Mama ametia blanketi yangu na sabuni ndani ya saki, kama vitu vya mutu anaenda kufungwa. Hajaniuliza ni za siku ngapi.